Treina ya baiskeli nyumbani: tairi linateleza, wati zinayumba

Mkuu, umesema treina yako (kifaa cha kufungia baiskeli uiendeshe papo hapo ndani ya nyumba) ni ile ya rola inayogandamiza tairi la nyuma, na kila ukikanyaga kwa nguvu tairi linateleza, harufu ya mpira inatoka, na wati, yaani kipimo cha nguvu unayokanyagia, za leo hazifanani na za jana. Usiirudishe dukani bado. Mara nyingi dalili hizo tatu zina chanzo kimoja: mgandamizo wa rola kwenye tairi unabadilika kila unapofunga baiskeli.

Anza na ekseli. Kama gurudumu lako linafungwa kwa wenzo, toa ekseli yake nyembamba uweke ile ya chuma iliyokuja na treina. Ncha za baadhi ya ekseli za kawaida ni za aluminiamu au plastiki, hazikai sawasawa kwenye vikombe vya treina na baiskeli hulegea polepole bila wewe kujua. Kama ni ekseli nene ya milimita 12, tafuta adapta yake, na kabla ya kununua pima urefu wake na nafasi ya nyuzi za skrubu, kwa sababu kuna za milimita 1.0, 1.5 na 1.75, na haziingiliani.

Halafu upepo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakaza rola kwanza, kisha wanajaza. Jaza tairi likiwa la baridi na halijagusa rola. Tairi la milimita 25 hupewa psi 100 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), mradi usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake wala cha rimu. Tumia kiwango hichohicho kila siku. Sasa zungusha kirungu cha rola mpaka iguse tairi, kisha ongeza mizunguko miwili, au idadi iliyo kwenye kitabu cha treina yako. Shika gurudumu zito la treina lisizunguke, vuta tairi kwa mkono. Likiteleza, ongeza nusu mzunguko ujaribu tena. Usikaze kwa hasira. Ukizidisha, mpira unaliwa na joto linapanda, halafu utailaumu treina. Andika idadi ya mizunguko ukutani ukipenda. Ukimaliza mazoezi legeza rola, la sivyo tairi litabonyea sehemu moja.

Futa tairi na rola kwa spiriti, maana mafuta kidogo tu ya mnyororo yanatosha kuleta utelezi. Tairi lenye meno makubwa litanguruma na kukatika vipandevipande, kwa hiyo weka laini. Yapo matairi magumu ya treina tu. Hayo usiende nayo barabarani, hayashiki lami, hasa ikilowa.

Namba zinazoyumba: treina ikiwa na kipimo cha kujirekebisha kwenye programu yake, endesha dakika 10 kwanza. Tairi likipata joto upepo wake huongezeka na msuguano hubadilika, hivyo kipimo kilichofanywa baridi kitakudanganya robo saa baadaye. Fikisha kasi inayotakiwa, acha kukanyaga, usiguse breki, subiri gurudumu lisimame lenyewe.

Ukitumia ERG, yaani treina ikishikilia wati yenyewe, usiruhusu miguu ipunguze kasi. Ikipungua, mashine huongeza uzito kufidia, miguu inazidi kuchelewa, mpaka unakwama kabisa. Pumzika sekunde chache, uanze upya na miguu myepesi.

Gurudumu la mbele liinue kwa kitegemeo, baiskeli isilale mbele. Na feni si anasa: bila upepo wa kukupoza, moyo unapiga juu kwa wati zilezile. Iweke mbele, ielekee kifuani. Tandaza taulo juu ya usukani pia, kwa kuwa chumvi ya jasho hula bolti za usukani na bearingi zilizo chini yake, na kutu hiyo huioni mpaka siku bolti inapokataa kufunguka.