Miji Minne kwa Wiki Moja?

SWALI: Likizo ya kiangazi inakaribia, nasi tunakusudia kusafiri kwa gari pamoja na watoto wetu, wenye umri wa miaka 6 na 9, ili tuwatembelee ndugu wanaoishi katika miji minne iliyotawanyika nchini. Mdogo hutapika njiani, na mume wangu anataka tumalize mzunguko wote kwa wiki moja. Tupange vipi?

JIBU: Huo ni mwendo wa mbio. Chagueni nyumba mbili za kulala siku tatu tatu, kisha waombeni ndugu wengine wawafuate huko, jambo ambalo wengi wao watalipendelea kuliko kutembelewa kwa saa chache na wageni waliochoka.

Kutapika safarini huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12, nako hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho, yakiwa yameinamia kitabu au simu, hayauoni. Mwanao atazame mbali kupitia kioo cha mbele, ale kidogo tu kabla ya kuondoka, na apate hewa safi. Dawa zipo, lakini mwulizeni mfamasia kwanza, kwani nyingi huleta usingizi.

Dereva apumzike walau dakika 15 kila baada ya saa 2, hata akidai kuwa hajachoka (dai ambalo madereva hulitoa kwa wepesi mno). Wenyeji nao waelezwe mapema siku ya kufika na ya kuondoka, maana hiyo ya pili huona haya kuiuliza.