Mume anataka Bosko akatwe mguu, mke anataka afe. Shangazi anajibu

Barua ya leo imetoka Kibaha, mwandishi namwita Mama K. Ni ndefu, naifupisha. Ana mimba ya miezi 6, ana mtoto wa kiume wa miaka 5, na nyumbani wana mbwa anaitwa Bosko, chotara wa jemani shepadi, miaka 8, mume alikuwa nae tangu anaishi chumba kimoja kabla hajaoa. Baada ya Pasaka Bosko akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto, wakadhani kateguka wakawa wanamkanda na maji ya chumvi, baadae mguu ukavimba juu ya kifundo. Mume akampeleka kwa daktari wa mifugo Dar, eksirei ikaonyesha mfupa unaliwa, daktari akasema inaelekea ni kansa ya mfupa. Akawapa njia mbili, kukata mguu wote kuanzia begani na wakiweza wafuatishe dripu za kansa, au dawa za maumivu kwa muda mfupi halafu sindano ya kumpumzisha. Mume anataka kukata. Mama K anauliza, "Shangazi nimwambieje mume wangu amuache huyu mbwa afe kwa amani, hela hatuna, mbwa wa miguu mitatu atalinda nini, na mtaani wanatucheka."

Pole mwanangu. Mimba ya miezi 6 na joto la Kibaha na mume usiku kucha yuko barazani na mbwa, najua umechoka. Pole nimeshakupa, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikaona habari ya mbwa, nikairudia nikaona habari nyingine kabisa. Katikati pale, kati ya bei ya eksirei na bei ya operesheni, umepitisha sentensi moja haraka haraka kama hutaki niione, umeandika "analala nae kwenye mkeka anamshika kichwa, mimi nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza hakukesha na mimi hata usiku mmoja." Halafu ukarudi kwenye mambo ya hela. Mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka 5 umekaa na hilo, hujamwambia, na sasa umeona kumbe anajua kukesha, kumbe anajua kushika kichwa cha mgonjwa, na anamfanyia mbwa. Hapo ndo panapouma, Bosko kakuta deni la watu anataka kulipishwa yeye.

Na hayo mengine uliyoandika mbona hayashikani? Unasema hela hamna, lakini humo humo umesema hela ya kujifungulia ipo kwenye kibubu na hajaigusa, na hela ya daktari mumeo kaipata kwa kuuza redio yake na spika zake. Kauza vyake. Mwanaume anayeuza spika zake akaacha kibubu cha uzazi kama kilivyo sio mwanaume asiyejali familia, nakwambia wazi. Unasema unataka mbwa afe kwa amani, halafu chini unasema jirani yenu kajitolea kumwekea sumu kwenye nyama na wewe "hujamkatalia wala kumkubalia". Sumu ndo amani gani hiyo? Mbwa aliyekula sumu anakakamaa na kutoka povu, na hiyo nyama ikiangushwa uani kuna kuku na kuna mtoto wako wa miaka 5. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Mwambie jirani hapana, mwambie leo, kwa mdomo wako, asije akachukulia ukimya wako ni ndio.

Halafu hili la dawa. Umesema unamwonea huruma anapolia usiku kwahiyo unamwekea kidogo kidogo kwenye ugali vidonge vyako vya diklofenaki vilivyobaki vya mgongo, mumeo hajui. Mama K acha hapo hapo. Diklofenaki na brufeni kwa mbwa zinatoboa tumbo na zinaua figo, anaweza kuanza kutapika damu na kunya kinyesi cheusi kama lami na nyie mkadhani ni kansa. Kama daktari amemchoma deksa, ile dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, au kampa dawa nyingine ya maumivu ndo balaa zaidi manake vikichanganyika vinalichana tumbo. Umwambie mumeo na daktari aambiwe kabla hajamgusa na dawa yoyote, na damu ipimwe kuangalia figo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na wewe mwenyewe kama bado unavimeza hivyo vidonge na mimba hiyo acha, kuanzia kama wiki ya 20 dawa za aina hiyo zinaweza kugusa figo za mtoto tumboni na kupunguza maji ya uzazi, nenda kliniki waambie mgongo unauma wakupe kinachokufaa.

Lakini nimeona kitu kingine kwenye hicho kisa cha ugali. Umesema unaupoza kwanza manake ukiwa wa moto anauacha. Mtu anayemchukia mbwa hajui hayo. Unampenda Bosko na wewe, na hasira zako zimekaa juu ya huo upendo, ndo maana unataka jambo liishe haraka.

Sasa tumuangalie mgonjwa mwenyewe, manake nyote wawili mnabishana juu ya kichwa chake. Kansa ya mfupa kwa mbwa wakubwa inajulikana vizuri, inapenda miguu, na kwa mguu wa mbele inapenda begani au juu ya kifundo, hapo hapo pa Bosko. Ni ugonjwa wenye maumivu makali sana, mfupa unaliwa kwa ndani mpaka siku moja anashuka ngazi mbili tu unavunjika. Kwahiyo hiyo njia yako ya kumuacha tu, bila kukatwa na bila sindano, hiyo ndo mbaya kuliko zote na daktari hakuwapa. Watu wanasema tumwachie Mungu, wakati mnyama yuko uani anasaga meno. Kumwachia Mungu ukiwa na uwezo wa kumpunguzia maumivu mimi siiti imani.

Mumeo namtetea, lakini na yeye asijidanganye. Mpaka uvimbe uonekane kwa macho, kwa mbwa kama 9 kati ya 10 mbegu za kansa zimeshafika kwenye mapafu, hata kama eksirei bado haizioni. Akikatwa mguu peke yake kawaida anapata kama miezi 4 mpaka 6. Akikatwa na akapewa dripu za kansa, mara nyingi karboplatini kila baada ya wiki 3, mara 4 mpaka 6, inaweza kufika miezi 10 mpaka mwaka, na wachache wanavuka miaka 2. Wanaopona kabisa ni wa kuhesabika. Mguu unakatwa ili maumivu yaondoke, aishi miezi yake iliyobaki akiwa analala usingizi na anapokea watu getini. Mumeo kama anadhani ananunua miaka 5 aambiwe ukweli na daktari, na wewe uwepo pale mkasikie pamoja, sio yeye aje akusimulie.

Habari ya miguu mitatu na kuchekwa sina muda nayo. Mbwa wengi wanasimama siku moja au mbili baada ya kukatwa na ndani ya wiki chache wanakimbia, manake mguu unaouma walishaacha kuutegemea siku nyingi. Wanaowacheka hawajawahi kuwalipia umeme. Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine, mbwa anabeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, kwahiyo mguu wa mbele ukiondoka uliobaki unabeba kweli kweli, na jemani shepadi wanajulikana kwa nyonga mbovu. Kama Bosko ni mnene au nyonga zake zimeisha operesheni inaweza kumtesa badala ya kumsaidia. Hilo linapimwa kabla.

Kwahiyo uamuzi wangu huu hapa. Kabla ya kisu, kifua chake kipigwe eksirei, na daktari aulizwe kama amechukua chembechembe za ule uvimbe zikapimwe, manake maambukizi ya mfupa nayo yanaweza kufanana na kansa kwenye picha. Daktari wenu akisema vipimo hana, Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna hospitali ya wanyama ya chuo, sio mbali na Kibaha kwa mtu aliyeuza spika zake. Mapafu yakiwa na madoa usimkate, atapata kidonda kipya na miezi michache tu, mpeni dawa za maumivu za mbwa halafu sindano siku zikiwa mbaya. Mapafu yakiwa safi, nyonga nzima, figo nzima, basi mwache mume wako amkate mbwa wake huo mguu kwa hela aliyoitafuta mwenyewe, na wewe ufunge mdomo wako kuhusu hilo.

Dripu za kansa nasema hapana, na hapa ndo nakupa haki yako yote. Dawa hizo zinatoka kwenye mkojo, kwenye mavi na kwenye matapishi ya mbwa kwa siku kadhaa baada ya dripu, mwenye mimba hatakiwi kuvigusa kabisa, na mtoto wenu anacheza uani kila siku. Nyumba yenye uwanja mkubwa na mtu mzima wa kusimamia kwa glavu wanaweza, nyie kwa hali yenu hapana. Mumeo akinisoma aelewe kwamba hapo hakuna mjadala.

Wakati wa sindano ya kumpumzisha ukifika mnajuaje? Kuna daktari wa mifugo wa Marekani anaitwa Alice Villalobos, alitengeneza kipimo cha mambo 7, maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila jambo linapewa alama kuanzia 0 mpaka 10, jumla ikizidi 35 mbwa bado ana maisha ya kuvumilika. Kila Jumapili wewe ujaze karatasi yako na mumeo ajaze yake bila kuchunguliana, halafu mziweke mezani. Nakwambia mtashangaa, mara nyingi anayemshika mgonjwa usiku anampa alama nyingi kwa sababu hataki aondoke, na anayemtazama kwa mbali anampa chache kwa sababu amechoka, ukweli uko kati hapo, na mtaongea kwa namba badala ya kwa matusi.

Na hapa niseme na wengine wote mnaosoma. Ndoa za siku hizi zinagombana kupitia vitu. Mtu ana kinyongo cha mwaka juzi anakitoa kwenye rimoti ya tivii, kwenye mgeni wa mume, kwenye hela ya mchango wa harusi ya binamu. Kwenye kicheni pati mabinti wanafundwa kupika, kumkanda mume mgongo, kutandika kitanda, sijasikia somo hata moja la kumfundisha bibi harusi kukaa chini akasema mume wangu siku ile uliniumiza, ilikuwa hivi na hivi. Kungwi anamwambia vumilia, basi anavumilia, na uvumilivu usio na maneno unageuka sumu anayokuja kumimina kwa mtoto, kwa hausigeli, kwa mama mkwe au kwa mbwa. Na wanaume ndo hawafundwi kabisa, wanaambiwa wewe ni kichwa cha nyumba, hakuna anayewaambia kwamba mkeo akiwa leba unakaa kwenye benchi la nje mpaka asubuhi hata kama manesi hawakuruhusu kuingia. Sijui usiku ule mumeo alikuwa wapi Mama K, na inawezekana kabisa alifukuzwa wodini kama wanavyofukuzwa wengi, umewahi kumuuliza? Barua yako haisemi umemuuliza. Muulize. Na akiwa hana sababu ya maana basi umwambie usoni, uchungu wa pili unakuja baada ya miezi 3, mimi nataka mkesha wangu, asikudanganye kwamba hajui kukesha, mtaa mzima umemuona.

Mkifika kwenye sindano, iwe mwezi huu au baada ya operesheni, muombeni daktari aje nyumbani kama anaweza. Analazwa usingizi kwanza ndo anachomwa ya mwisho, mumeo amshike. Mtoto aambiwe kwamba Bosko alikuwa anaumwa ugonjwa usiotibika na amekufa, msimwambie kasafiri manake atamsubiri getini, na msimwambie amelala mkamfanya aogope kulala. Shimo lichimbwe refu, ile dawa inabaki mwilini na mbwa au paka akifukua akala anaweza kufa. Na mumeo akilia muache alie, usimwambie ni mbwa tu.