Mti mkubwa wa nyumbani unauliwa chini, sio juu

Watu wengi wakiona mwembe wa uwani umeanza kukauka matawi ya kileleni wanaita fundi aje na msumeno, akate yale makavu, alafu wanaona kazi imeisha. Mi nakaa Mbezi, Dar, kiwanja ambacho wazee walipanda mwembe dodo na mwarobaini kabla hata msingi wa nyumba haujachimbwa, na kwa muda wote nilioitunza hii miti huku naangalia ya majirani inavyoenda, nimejiridhisha na jambo moja: miti mikubwa inayokufa huku mitaani kwetu, mingi inaanza kufa kwenye mizizi na chanzo ni ujenzi. Kifusi, ukuta, pavingi, shimo la choo. Huko juu ni taarifa tu inakuja, tena inakuja imechelewa miaka.

Wengi tunajua mti una mzizi mkuu unaoshuka chini sana, kwahiyo tunaona ukichezea juu ya ardhi haudhuriki. Lakini mizizi inayokula na kunywa iko juu juu, sehemu kubwa ipo ndani ya sentimita 30 mpaka 60 za kwanza za udongo, na inatambaa mbali kuliko kivuli, mara mbili au hata tatu ya pale matawi yanapoishia. Yaani mwembe ambao matawi yake yameenda mita 6 kutoka kwenye shina, mizizi yake inaweza kuwa imefika mita 12 na zaidi, iko chini ya geti, chini ya banda la kuku, na mingine iko kwa jirani inaendelea na maisha. Alafu mizizi inapumua. Ukiikosesha hewa inakufa hata kama maji yapo ya kutosha, na hili ndo watu hawalijui kabisa.

Kuna jirani alinunua kiwanja chenye miembe miwili mikubwa na mwenyewe alisema kivuli ndo kilimvutia. Maji ya mvua yalikuwa yanatuama uwani, kwahiyo akamwaga malori ya kifusi akapandisha uwanja, wakashindilia kwa mashine, wakapanga pavingi mpaka zikabusu shina. Pakapendeza kwakweli. Msimu uliofuata miembe ikazaa kuliko kawaida na watu wakasifia, kumbe mti ukiwa kwenye shida saa ingine unazaa sana. Baada ya hapo majani yakaanza kutoka madogo madogo, ncha za juu zikakauka, mchwa wakapanda kwenye shina, na yeye akalaumu mchwa akapaka oili chafu kuanzia chini mpaka anapofika mkono. Mchwa wa kawaida tunaowaona kwenye miti ya nyumbani wanafuata mbao iliyokufa tayari, ukiwaona kwenye shina jiulize kwanza ni kitu gani kimekufa humo ndani na kwanini. Na oili chafu usipake kamwe, inaharibu gome na udongo wa chini yake.

Kwahiyo kama unataka kuweka pavingi na una mti mkubwa, ongea na fundi wa pavingi kabla hajashusha mchanga. Mwachie mti duara la udongo wazi, mita 2 kila upande ndo kiwango cha chini kwangu, ukiweza zaidi weka zaidi. Duara hilo usilifagie likawa jeupe kama uwanja wa mpira, najua tumelelewa kwamba uwanja msafi ni ule usio na jani, lakini yale majani makavu ndo chakula cha mti na ndo yanatunza unyevu. Tandaza sentimita 5 mpaka 10, ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja hivi, maana yakilundikana pale gome linaoza. Na ukiangalia shina linapoingia ardhini linatakiwa lionekane limetanuka, limefungua miguu. Likiingia wima moja kwa moja ujue limefukiwa, chukua jembe dogo ufukue taratibu kwa mkono mpaka uone mizizi mikubwa inapoanzia.

Usichome taka chini ya mti. Moto mdogo tu wa kila Jumamosi unaua ngozi hai iliyo chini ya gome upande ule, na kidonda chake unakuja kukiona baadae sana. Na ule waya wa kuanikia nguo uliozungushiwa kwenye shina ukatoe leo, shina linanenepa waya haunenepi, mwisho unakata njia ya chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kwenda mizizini.

Maji nayo. Mwembe mkubwa wenye udongo wazi hauhitaji kumwagiliwa sana, tena kuanzia kama Mei mpaka utakapochanua mi siugusi, unapenda kiu kidogo ndo utoe maua. Ila ambao umezungukwa na zege, kiangazi umwagilie, maji yaende polepole kwa muda mrefu pale kivuli kinapoishia na sio kwenye shina. Wenye visima angalieni chumvi, visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi na mwembe hauvumilii, ukiona kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia wakati mti haujakosa maji, onja maji yako.

Sasa kukata matawi, hapa ndo pananiuma zaidi. Kuna huu mtindo wa kunyoa mti, fundi anapanda anakata kichwa chote inabaki miguu mitupu imesimama, na mwenye nyumba anaambiwa utachipua vizuri. Utachipua ndio, machipukizi mengi yanatoka kwa haraka kwasababu mti hauna majani na unahangaika kutengeneza chakula, lakini machipukizi hayo yameshikia juu juu tu kwenye gome, na pale palipokatwa panaoza kuingia ndani, kwahiyo baada ya miaka unakuwa na matawi mazito yaliyoshikiliwa na mbao mbovu juu ya bati lako. Umeongeza hatari uliyotaka kupunguza.

Kata kidogo. Robo ya majani kwa mwaka ndo mwisho, na mti mzee chini ya hapo. Anza na makavu, yanayosuguana, yanayogusa paa. Kila tawi pale linapoungana na shina lina uvimbe kama kola, usiukate ule, kata nje yake tu, na usiache kisiki kirefu. Mtafiti mmoja wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kuanzia zamani hizo na akaonyesha kwamba mti haufuti kidonda, unajenga ukuta wa ndani kuuzuia uozo usisambae, na huo uvimbe ndo sehemu muhimu ya kinga hiyo. Ndo maana hata kupaka rangi au lami kwenye kidonda hakusaidii, acha wazi. Tawi zito lisikatwe mara moja: kwanza kata kwa chini kama theluthi moja ya unene, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, alafu kata kwa juu mbele kidogo ya hapo lianguke, ndo umalizie kile kisiki. Ukikata kwa juu tu linaporomoka na kuchana gome la shina. Kwa mwembe fanya baada ya kuvuna, Januari au Februari, ukichelewa mpaka Juni umekata maua. Na vaa mikono mirefu, utomvu wake unaunguza ngozi.

Malipo ya fundi yana siri yake. Wengi wanachukua bei ndogo kwasababu wanaondoka na kuni au wanakwenda kuchoma mkaa, kwahiyo kila tawi nene ni hela yake na atakushauri likatwe. Mi namlipa kazi, kuni zinabaki kwangu, tunaonyeshana matawi kabla hajapanda na nayafunga kitambaa. Asipande bila kamba, na akija amelewa arudi nyumbani. Tawi likiwa karibu na waya wa umeme usimruhusu hata akikuambia amezoea, hiyo ni kazi ya TANESCO.

Kabla ya masika zunguka mti wako. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliposogea pwani yetu kila mtu alikuwa anaangalia miti yake kwa wasiwasi, lakini ishara zinaonekana mapema: mti uliosimama wima umeanza kulala, udongo umepasuka au umenyanyuka upande mmoja wa shina, uyoga unaota kwenye mizizi mikubwa, au mashina mawili yaliyoungana kwa pembe kali kuna ufa katikati. Shimo ndani ya shina peke yake sio hukumu ya kifo, miti mingi yenye uwazi ndani imesimama imara. Lakini mti uliolala ghafla baada ya mvua, hamisha gari na watoto wasilale chumba cha upande ule mpaka mtu anayejua auone.

Na ikibidi kweli mti uondolewe, nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize kibali, watakuelekeza kwa afisa maliasili wa manispaa, na umwambie jirani wa upande unaolalia kabla ya siku yenyewe, aanue nguo na afunge mbwa.