Ulimi wa boriti unaocheza ndani ya tundu

Ndugu, nimekuelewa: fremu ya nyumba yako ya mbao hapo Goma ni mkaratusi uliochongwa ukiwa mbichi, na sasa ndimi (ncha za boriti zilizochongwa nyembamba) zinacheza ndani ya matundu ya nguzo. Usikimbilie misumari. Mkaratusi husinyaa sana ukikauka, na msumari utaupasua.

Ndimi zilizolegea zibandike vipande vyembamba vya mti mkavu pande zote mbili, kisha uzirande hadi ziingie kwa kugongwa kidogo. Kwa zile mpya, ulimi uwe theluthi ya unene: boriti ya sentimita 12, ulimi wa 4. Chora kwa kisu, penseli hudanganya. Tundu linalopenya nguzo hadi upande wa pili lichimbe kutoka pande mbili, patasi zikutane katikati.

Kazi yenyewe iko kwenye kigingi, kijiti kinachopenya nguzo na ulimi na kuvishika pamoja. Toboa nguzo kwanza, ingiza ulimi, utie alama kupitia shimo hilo, uutoe, halafu uutoboe milimita 2 kutoka kwenye alama, karibu zaidi na bega (pale ulimi unapoanzia kwenye boriti). Kigingi cha mti mgumu, mkavu, kitavuta kiungo kijibane. (Mti huo waulize wachonga chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, wanajua unakopatikana.)

Boriti inayobeba paa ikiwa na ufa begani, usitoe chochote kabla ya kuiegemeza, na mwite fundi mzoefu aione kwanza.