Kabla Hujaacha Kazi kwa Ajili ya Basketi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Tudor ameitwa na timu ya daraja la chini. Sasa anataka kuacha kazi ya duka ili acheze basketi sawasawa. Nilimjibu haraka kwenye simu: usiache. Jibu lenyewe ni refu zaidi.

Nilicheza miaka sita. Msimu niliofaidi kuliko yote nilipata nauli, jezi na sahani ya wali baada ya mechi. Hapa Mombasa ukitaka basketi ikulishe, lenga timu ya taasisi yenye ajira, kama ile ya bandari, KPA, pale Makande. Hadi wakuite, duka ndilo mdhamini wako.

Mechi zenyewe hazichoshi, safari ndiyo inayokumaliza. Ijumaa usiku unapanda basi Mwembe Tayari, kilomita karibu 480 hadi Nairobi, na mtu mwenye futi 6 na inchi 3 kama mimi magoti huyaweka wapi? Alfajiri mnashuka, chai, usingizi kidogo juu ya mabegi, saa nane mko uwanjani. Robo nne, dakika kumi kumi. Jumapili mechi nyingine, usiku basi tena, na Jumatatu saa mbili asubuhi bosi anakungoja. Treni ya SGR ipo tangu 2017 na miguu hupumua, ila nauli ikitoka mfukoni mwako utarudi kwenye basi tu.

Kwa hiyo ratiba ikitoka, mpelekee bosi siku hiyo hiyo, umwonyeshe Jumatatu zipi utachelewa. Mimi nilijifanya mgonjwa, hadi picha yangu nikiwa hewani na jezi mgongoni ikaingia kwenye simu ya bosi. Alicheka sana. Kisha akanikata mshahara wa siku mbili.

Jambo la pili ni mwili. Nilishuka na ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu ukarudi, nikakanyaga mguu wa mtu, kwenye uwanja wa saruji, kifundo kikavimba kama embe dodo. Kiongozi wa timu akasema, "Lipa kwanza, tutakurudishia." Risiti ninayo hadi leo, wino umefifia. Lipa SHA yako, bima ya afya ya serikali, mwenyewe, usingoje timu, na jifunze kufunga kifundo kwa plasta bila kusaidiwa. Viatu vya ukumbini usivivae kwenye saruji. Soli huisha kama sabuni.

Raha nayo ipo, nisikutishe. Mazoezi ya Ramadhani baada ya tarawehe, upepo wa baharini umeshuka, watoto wamejaa ukutani wanashangilia hata mpira uliokosa ubao! Kwa usiku kama huo ningerudi kesho, kama kifundo kingekubali.

Huyo kijana amesema atakuja Jumamosi. Nina jozi ya viatu, namba 46, soli bado nzima. Nimemwambia aje na ratiba mkononi, yenye sahihi ya mwenye duka.