Ile amplifaya ya "wati 100" ya bei rahisi, soma hii kwanza kabla utume pesa

Ndugu wa Kakamega, umeuliza kama ile amplifaya ya elfu nane yenye imeandikwa wati 100 itakusaidia, kwa sababu redio yako ya ham (ya kuongea na watu hewani kwa hobi) inatoa wati 5 na ukiwa bendi ya mita 40 (masafa ya karibu megahezi 7) watu wa Nairobi wanakwambia hawakupati vizuri. Nitajibu kwa urefu kidogo. Hiyo njia nimeipitia hapa Kisumu, kwa ile picha umeweka yangu ni kama yako kabisa hata rangi ya bodi, na pesa iliyoenda hapo iliniuma sana.

Kwanza hiyo 100. Wacha namba iliyoandikwa juu, angalia fyuzi. Yangu ilikuja na fyuzi ya ampea 10 kwa waya wa betri. Sasa piga hesabu mwenyewe, volti 13.8 mara ampea 10 ni wati 138 zinaingia, na amplifaya ya aina hii ikijitahidi inatoa nusu hivi kwa antena, nusu ingine ni joto tu, sasa 100 itatoka wapi? Nilipoipima na betri imejaa nilipata 38 kwa mita 40, mita 15 ikashuka 17, mita 10 ikatoa 9 peke yake, yaani karibu ile ile ya redio bila chochote. Na hiyo ni nikitumia waya mnene, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimeunganisha na waya ya spika ya mita mbili, nikashika mita ya volti pale kwa bodi nikaona zaidi ya volti moja imepotelea njiani kila nikibonyeza.

Halafu jiulize hizo 38 zinakununulia nini. Kutoka 5 mpaka 38 ni desibeli 9 hivi. Alama moja ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa mita ya redio) ni desibeli 6. Kwa hivyo mtu wa Nairobi mwenye alikuwa anakuona S4 atakuona S5 na nusu, basi. Na upande wako hakuna kitu kitabadilika, wewe bado utamsikia vile vile, amplifaya haiongezi masikio.

Mimi nilikuja kupata zaidi ya hiyo kwa antena. Daipoli yangu (antena ya waya mbili zilizonyooka) ilikuwa imefungwa kwa ukingo wa mabati, mita tatu hivi kutoka chini, nikaona inatosha juu SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwa antena) ilikuwa inasoma poa. SWR nzuri haimaanishi mawimbi yanaenda mahali yanafaa kwenda! Nikanunua miti miwili ya blugamu, nikaiinua mpaka mita tisa mbali na mabati, waya wa shaba kama mita 10 kila upande (jumla 20 kwa megahezi 7.1), na wale wale watu nilikuwa naongea nao wakanipa karibu alama mbili za S zaidi, na mimi pia nikaanza kuwasikia watu wenye sikuwa najua wako hewani. Miti, kamba na waya zote hazikufika nusu ya bei ya hiyo amplifaya.

Sasa hii sehemu ndiyo naomba uisome polepole. Hiyo bodi haina filta. Ukifungua utaona transista mbili, transfoma ya kuingiza, transfoma ya kutoa, relei, halafu inaenda moja kwa moja kwa soketi ya antena. Maana yake ukirusha 7.1 unarusha pia 14.2, 21.3, 28.4 na kuendelea, hizo ndizo zinaitwa hamoniki. Transista zikiwa mbili zinasukumana, ile ya pili inapungua sana, lakini ya tatu inabaki na nguvu. Rafiki alikuja na tinySA (kifaa kidogo cha kuonyesha masafa yanayotoka) tukaangalia, ile ya 21.3 ilikuwa chini kwa desibeli 14 tu. Hiyo ni sehemu moja ya 25, kwa hivyo kwa wati 38 nilikuwa natoa wati moja na nusu pale 21.3, na kuna watu wanaongea na Ulaya kwa wati moja na nusu. Kule Marekani sheria yao inataka hizo takataka ziwe chini kwa desibeli 43 kwa mtambo wowote wa chini ya megahezi 30 uliowekwa tangu 2003, yaani sehemu moja ya elfu 20. Mimi nilikuwa mbali na hiyo sana na nilikuwa nimeitumia wiki tatu.

Na usiseme ni hamoniki tu, nani atajua. Chukua 29.6 ambapo watu wa FM wanaitana kwa mita 10. Mara tatu ni 88.8, hapo ni stesheni za FM za watu. Mara nne ni 118.4, na kuanzia 118 kwenda juu ndiyo marubani wanaongea na mnara. Sisi hapa Kisumu tuko na uwanja wa ndege, ndege inashuka hapo kando ya ziwa kila siku. Sitaki hata kufikiria. Leseni tunapewa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa sababu wanatuamini tutajichunga, na sisi wenye 5Z4 (mwanzo wa majina ya redio za ham za Kenya) ni wachache sana, mmoja akiharibu jina limeharibika la wote.

Nikatengeneza filta mwenyewe, toroidi nyekundu T50-2 (pete ndogo za kuzungushia waya) na kapasita za NP0 (zisizobadilika na joto) za volti 500, na kumbuka kila bendi inataka filta yake, ya mita 40 haiwezi kupitisha mita 20. Hapo bei ya elfu nane ishaanza kupanda.

Wakati huo mama jirani alikuwa ashakuja mlangoni mara mbili, wufa yake inatoa sauti yangu imekwaruza kama ya bata. Nilidhani filta itamaliza hiyo. Haikumaliza, juu hapo shida haikuwa hamoniki, ni vile nguvu ya 7.1 yenyewe imeongezeka na waya zake ndefu za spika zinashika kama antena. Nilimpelekea ferite mbili za kubana, nikazungusha waya za spika mara kadhaa ndani, ikatulia. Alikuwa mpole sana kwangu, nashukuru, lakini na wati 5 hatukuwahi kukosana.

Transista nazo. Siku moja upepo wa jioni wa ziwa ulikata upande mmoja wa antena na mimi niko FT8 (kutuma ujumbe kwa kompyuta badala ya sauti), sikujua. Hiyo bodi haina kitu cha kuizuia SWR ikipanda. Nilisikia harufu kabla sijaona chochote. FT8 ni kali kwa hizi bodi kwa sababu unabonyeza karibu sekunde 13 kwa kila 30 bila kupumua, si kama SSB (mtindo wa kuongea kwa sauti) ambapo sauti inapanda na kushuka, na ile hitisinki wanaleta ni ndogo kama simu. Nikaagiza transista zingine kwa duka fulani la mtandaoni, zikafika, zikakufa kwa dakika mbili. Nikachukua dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile ya asetoni, nikasugua juu, maandishi yakatoka yote na chini yake kulikuwa na namba ingine. Nikaipasua na koleo, kile kipande cha silikoni ndani kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Ukinunua, sugua kwanza kabla ya kuchomea solda.

Kitu kingine ni bayasi, ile skrubu ya kuweka mkondo mdogo transista zinavuta kabla hujaingiza chochote. Karatasi ilisema tu zungusha mpaka sauti iwe safi. Usifanye hivyo. Toa redio, weka ampea mita kwa waya wa betri, bonyeza swichi ya kurusha ya bodi bila kuingiza mawimbi yoyote, zungusha polepole kutoka sifuri mpaka kila transista ivute kiasi kidogo, mimi naweka miliampea 100 hivi, halafu kaa hapo dakika tano ukiangalia. Hizi transista za mosfeti zikipata joto zinavuta zaidi, zikivuta zaidi zinapata joto zaidi, na kama ile dayodi ya kuzirudisha chini haijagusa hitisinki (yangu ilikuwa imesimama hewani peke yake) zitaenda mpaka ziungue ukiwa hata hujasema neno. Na kama ni za mtindo wa IRF510, ule mgongo wa chuma ni dreni (mguu mmoja wa transista), una volti za betri, kwa hivyo kati yake na hitisinki lazima kuwe na maika (kipande chembamba cha kuzuia umeme) na ile washa ya plastiki, yaani kipete, kwa skrubu. Yangu moja ilikuwa haina.

Hizi za kuongeza nguvu ya redio za mkononi za VHF ni hadithi fupi, nyingi ni za FM tu, ukiingiza SSB sauti inakatika vipande.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, hiyo elfu nane nunua nayo miti na waya, inua daipoli, kaa mwezi mmoja usikie. Ukiona bado unataka amplifaya, tengeneza dami lodi (mzigo wa kupimia badala ya antena) kwanza, rezista 20 za kaboni za ohmu 1000 wati 2 kila moja zikiungwa sambamba ni ohmu 50 na inabeba wati 40 kwa muda, usichukue zile za waya wa kuzungusha. Halafu filta, halafu ndiyo bodi. Na siku ukishuka Kisumu beba redio yako, tutaipima pamoja hapa kwa meza, hizo vitu zote niko nazo.