Ukitaka kujenga behewa la mizigo la Lego, anza na kona

Behewa langu la kwanza la mizigo lilikuwa zuri balaa, shida lilikuwa zuri likiwa limesimama. Wiki tatu nzima nikitoka kazini nakula haraka haraka nakimbilia mezani kwenye matofali ya Lego, yale ya plastiki ya kuchezea, mama watoto ananiangalia tu, siku moja akaniuliza baba nanii hivi unajua una miaka 42? Siku ya kulijaribu nikawaita watoto wote sebuleni, nikaliunga na kichwa cha treni, nikawasha, likatembea kwenye mstari ulionyooka kama bwana harusi, likafika kona ya kwanza likachomoka relini likaenda kulala chali chini ya kabati la vyombo. Wa mwisho akapiga makofi, alidhani ndo mchezo wenyewe.

Mi nakaa Yombo hapa Dar, reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, inapita jirani, usiku treni ya mizigo ikipita unaisikia mpaka kitandani, kwahiyo haya mambo ya mabehewa nimekua nayo. Hizi treni za Lego nilizianza ukubwani na kila kosa unalolijua nimelifanya, lakini kosa mama la yote ni hilo la kuanza na sura. Unaona behewa limebeba makontena linapita pale, unaipenda ile rangi ya kutu, unarudi home unajenga unachokikumbuka, yaani mlango, ngazi, namba za ubavuni, afu mwishoni ndo unajiuliza sa hili linapitaje kwenye kona. Halipiti.

Chukua penseli kwanza kabla ya tofali. Kona ya kawaida ya reli za Lego, ile inayokuja kwenye boksi, ina nusu kipenyo cha vinundu 40 (vinundu ni zile nundu za juu ya tofali, kimoja hadi kingine ni milimita 8), kwahiyo ni milimita 320 tu, na vipande 16 vinakupa duara zima. Ukiikuza kwa skeli ya 1 kwa 48 ninayoitumia mimi (milimita moja ya Lego ni 48 za kweli) inakuwa kama mita 15. Mita 15! Hiyo ni kona ya bajaji, treni ya kweli kona zake ni za mamia ya mita. Kwahiyo tunalazimisha kitu kirefu kipite mahali ambapo kikiwa kikubwa kisingepita hata siku moja, na huwezi kuiga picha tu ukategemea litapita kwa huruma.

Sasa behewa refu linakaa juu ya bogi mbili, vile vigari vidogo vya magurudumu manne manne huku na huku. Likiwa kwenye kona, bogi ziko relini ila tumbo la katikati linakata njia ya mkato kwenda ndani, na ncha mbili zinatoka nje. Ya tumbo unaipata hivi: chukua umbali kati ya katikati ya bogi moja na katikati ya nyingine, zidisha kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Bogi zikiachana vinundu 16, yaani milimita 128, tumbo linaingia ndani milimita 6 na kidogo, hamna shida. Zikiachana vinundu 24 linaingia milimita 14. Vinundu 28 ni karibu milimita 20, hapo unaanza kugonga nguzo za stesheni, mimi nilijenga stesheni ya maboksi ya viatu na behewa likaivunja dari mara mbili kabla sijajifunza hesabu hii.

Ukikimbia tumbo kwa kusogeza bogi karibu karibu, ncha ndo zinazidi kutoka nje, hakuna dawa ya bure. Nilichokipata baada ya kuhangaika ni kwamba umbali wa bogi ukiwa kama asilimia 70 ya urefu wa behewa, tumbo na ncha vinatoka sawasawa. Behewa langu la sasa lina vinundu 34, bogi zimeachana 24, ndani milimita 14 na nje milimita 14, ukiliangalia kutoka juu likiwa konani unaona limegawana mzigo vizuri kabisa. Hiyo 70 iandike ukutani.

Skeli nayo iliniumiza kichwa. Akili ya kawaida inakwambia pima upana wa reli ya kweli ugawe kwa upana wa reli ya Lego, basi. TAZARA ni milimita 1,067, reli ya kati ya zamani ni 1,000, SGR, ile mpya, ni 1,435. Reli ya Lego ndani kwa ndani ni kama 37 na nusu. Ukifuata TAZARA unapata skeli ya 1 kwa 28 na ushee, na hapo kontena la futi 40 linakuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 42 na upana karibu vinundu 11, kwa ile kona ya bajaji?? Sahau. Mimi nikaacha kufuata reli nikafuata kontena. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana 2.44, kimo 2.59, na kwa 1 kwa 48 linatoka karibu kamili vinundu 16 kwa 6, kimo matofali matano na pleti mbili (pleti ni lile tofali jembamba, tatu zake ndo kimo cha tofali moja). Kama vile mtu alikaa akapanga. La futi 40 ni vinundu 32. Kwahiyo behewa la vinundu 34 linabeba moja la 40 au mawili ya 20 na linabaki na kinundu kimoja kila upande. Gharama yake ni kwamba reli inaonekana pana kuliko ya kweli, TAZARA kwa skeli hiyo ilitakiwa iwe milimita 22 tu, na mtu mwenye jicho ataona. Mi nafunika kwa kuweka fremu ya pembeni ya bogi ikae nje kidogo, maisha yanaendelea.

Sumaku za kuungia usizifunge kwenye mwili wa behewa, zifunge kwenye bogi. Lile la chini ya kabati kosa lake lilikuwa hili hasa, ncha ilipotoka nje kwenye kona ilimvuta mwenzake pembeni, magurudumu yakapanda juu ya reli, kwisha. Sumaku ikiwa kwenye bogi inafuata reli na mwili unafanya mambo yake huko juu.

Kuhusu uimara, behewa tambarare ndo gumu kuliko yote kwa sababu halina kuta za kulishika, ni ubao tu. La kwanza lilikuwa na tumbo la kulegea kama kitanda cha kamba. Fanya kama fundi ujenzi, mshono wa tofali la chini usikae chini ya mshono wa tofali la juu, pleti mbili zikipishana mishono zinakaza kuliko tatu zilizopangwa mstari mmoja. Katikati chini pitisha boriti ndefu ya yale matofali yenye matundu. Na kwa uzoefu wangu vile vitofali vya kuiga vya Kariakoo, vya kwenye mfuko, kwenye kontena unaweza kuweka maana halibebi kitu, ila kwenye fremu ya chini usithubutu. Nilinunua mfuko duka moja hivi, nusu ya pleti zilikuwa zinabana mpaka kucha inauma, nusu nyingine ukipiga chafya zinaachia.

Magurudumu tafuta yenye ekseli ya chuma. Na usafishe, Dar hii vumbi na unyevu na nywele za watoto vinajisokota kwenye ekseli, kila baada ya wiki mbili mi natoa uchafu kwa kibanio cha nyusi cha mama watoto (hajui, naomba ibaki hivyo).

Ya tangi la mafuta sitaongea sana, unajenga kiini cha mraba afu unakifunika pande nne kwa pleti zilizolala ubavu, linatokea duara la kuridhisha. Rahisi kuliko linavyoonekana. Ubavu wa kontena pia ni hivyo hivyo, laza pleti ubavu, moja iingie moja itoke, unapata ile mikunjo ya bati.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu wa karakana ya reli. Alipita siku moja nikiwa barazani na behewa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hizo kazi za watoto unazifanya wewe, watoto wanafanya nini?"

Akalichukua, na kitu cha kwanza alichofanya akaligeuza chali. Mimi kila mtu ninayemwonyesha anaangalia kontena, yeye akaangalia chini. Akakaa kimya, akapitisha kidole kwenye boriti ya katikati.

"Breki iko wapi?"

Nikamwambia mzee hili ni la kuchezea.

"Aa, behewa bila breki utalisimamisha kwa mdomo?"

Akakaa akanieleza, silinda ya breki inakaa wapi, fimbo zake zinapita wapi kwenda kwenye bogi, bomba la breki linatokeza kila ncha, na gurudumu la breki ya mkono pembeni. Vyote nimeviweka sasa, kipande cha mviringo, vijiti vitatu, mpira mweusi mmoja kila ncha, havifanyi kazi yoyote ila behewa limebadilika sura kabisa na hakuna kati ya hivyo kinachoonekana kwenye picha niliyokuwa nakopi. Akaniuliza pia nayapangaje. Nikasema vyovyote. Akacheka akasema mwanangu, lenye mzigo mbele, tupu nyuma, ukiweka tupu katikati ya mazito kwenye kona linavutwa huku na huku linanyanyuka. Nikakumbuka ni mara ngapi treni yangu ya mabehewa manane ilimwaga lile la tatu tu, kila siku lile la tatu, na mi nabadilisha magurudumu yake. Lilikuwa jepesi. Nikalitia nati nne za chuma kwenye sakafu, chini kabisa, usiziweke juu litayumba, na halijaanguka tena.

Sasa hivi nahangaika na behewa la shaba ya Zambia inayokuja bandarini. Shaba ni nzito mno kwahiyo behewa likishiba linaonekana kama halijajaa, vile vibamba vinapangwa vimafungu vifupi vimefungwa mkanda, na mtu asiyejua atakwambia ongeza mzigo. Kibamba kimoja ni kama mita moja kwa mita moja, kwa skeli yangu milimita 21, na hapo ndo nimekwama maana kipande cha vinundu 2 kwa 2 ni milimita 16 kidogo sana, na cha 3 kwa 3 ni 24 kikubwa. Mzee anasema weka cha 3, mi roho inanisukuma kwenye cha 2, na juzi nimegundua ameanza kuja jioni bila kuitwa, anakaa kwenye stuli anaomba ashike ile bogi ambayo sijaimaliza.